Siku Niliyoingia Bandani na Mafua

Nguruwe mwenye mafua hakohoi kama mbuzi. Kikohozi chake kinatoka chini kabisa kifuani, kikavu na kizito, kama mbwa mzee anayebwekea ndani ya pipa. Nilikisikia kabla sijafika kwa Mama Neema, asubuhi moja ya Julai 2016, huku Tukuyu, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ukungu ukiwa bado umelalia migomba na suruali yangu imeshalowa umande hadi magotini. Alikohoa mmoja, akaitikia wa pili, kisha banda zima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Njoo uone mwenyewe. Wameanza jana jioni. Leo hakuna hata mmoja aliyegusa pumba."

Walikuwa kumi na mmoja: majike mawili, dume moja, na wanane wa kunenepesha wenye umri wa miezi minne hivi. Banda lake ni kama mengi ya huku, limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ni ya mabanzi yenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Siku zote ukigusa komeo tu wanakuja mbio kwa kelele, pua zinachomoza kwenye mbao. Siku hiyo walikuwa wamelaliana kwenye kona moja kama magunia yaliyoshushwa kwenye lori. Manyoya yamesimama, macho mekundu, kamasi nyepesi zinatiririka. Ukimwinua mmoja anasimama kwa shida, anakohoa hadi mgongo unapinda, kisha anajitupa chini tena.

Mama Neema hakuniuliza ni ugonjwa gani. Aliniuliza, "Ndiyo yenyewe?"

Nilijua anauliza nini. Hapa kuna jambo linaloniuma tangu nianze kazi ya ugani wa mifugo: tuna magonjwa mawili yasiyo na undugu wowote, nasi tumeyapa jina karibu moja. Homa ya nguruwe ya Afrika inaua karibu kila nguruwe inayemkuta, haina tiba, ila binadamu haimgusi kabisa. Mafua ya nguruwe ni influenza, ukoo mmoja na mafua makali yanayotukamata sisi. Hayo yanaangusha banda zima kwa siku moja, lakini baada ya wiki karibu wote wamesimama na wanadai chakula. Ya kwanza inamfilisi mfugaji. Ya pili inamkondeshea mifugo tu, ila inaweza kuvuka ikaja kwa watu. Vijiweni, redioni, hata kwenye mikutano ya kijiji, nimesikia yote mawili yakiitwa "homa ya nguruwe", na kila mara nimeona watu wakifanya uamuzi wa ugonjwa mmoja kwa hofu ya ugonjwa mwingine.

Mwaka 2009 nilikuwa mgeni kazini. Aprili mwaka huo kirusi kipya cha H1N1 kiligundulika kwa watu Marekani na Mexico, dunia nzima ikakiita mafua ya nguruwe. Tarehe 30 Aprili Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuacha jina hilo, lakini lilikuwa limeshashika midomoni mwa watu. Misri, ambako hakukuwa hata na mgonjwa mmoja wakati huo, serikali iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, wapatao 300,000. Wengi walikuwa mali ya wakusanya taka wa Cairo, Wakristo maskini ambao nguruwe wao ndio waliokuwa wakila mabaki ya chakula ya jiji. Nguruwe walipokwisha, taka zikajaa mitaani. Kirusi chenyewe kiliingia Misri vilevile, kwa sababu kilikuwa kinasafiri na watu.

Huku kwetu nilizunguka na baiskeli nikieleza kwamba nyama iliyoiva haimpi mtu mafua. Wenye mabanda ya kitimoto walinishukuru, wateja walinitazama tu. Na kabla watu hawajasahau, mwishoni mwa 2010, homa ya nguruwe ya Afrika ikalipuka Kyela, kule mpakani na Malawi, ikapanda hadi huku Rungwe na Mbeya, na baadaye ikafika Dar es Salaam. Mama Neema alifukia nguruwe saba kwenye shimo moja nyuma ya nyumba, mmoja wao akiwa na mimba. Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai hakuhitaji kutaja jina.

Nilipokuwa navaa glavu, pikipiki ya dalali ilisimama barabarani. Sijui nani alimpigia simu. Habari ya banda linalokohoa inafika kwa dalali kabla haijafika kwa bwana mifugo. Akasimama kwenye mgomba wa kwanza na kusema kwa sauti, "Mama, nakupa elfu sitini kila mmoja, wote, sasa hivi. Kesho utauza mizoga." Mama Neema alinitazama. Wale wanane walikuwa ada ya shule ya Neema. Kama angewauza, kufika jioni wangekuwa wametawanyika vijiji vitatu, wanakohoa, kila mmoja kwenye banda jipya.

"Nipe nusu saa, mama," nikamwambia.

Kutofautisha magonjwa haya kwa macho hakuhitaji maabara kubwa. Niliwapima joto mmoja baada ya mwingine. Nguruwe mzima ana nyuzi kama 39. Hawa walikuwa kwenye 41 na kitu. Joto pekee halisemi lolote, kwa kuwa magonjwa yote mawili yanapandisha homa. Nikaangalia masikio na tumbo, mahali ambapo ngozi ni laini: hakuna wekundu wa kuelekea zambarau. Kinyesi hakina damu. Hakuna aliyekufa. Halafu kile kikohozi, na ukweli kwamba wote waliugua ndani ya usiku mmoja. Homa ya Afrika mara nyingi huanza na mmoja, anakufa, wanafuata wengine. Haya ya kuanguka pamoja na kukohoa pamoja ni tabia ya mafua.

Nilimwambia Mama Neema asiuze, na nikamwambia ukweli kwamba siwezi kuapa. Alikaa kimya kwa muda, kisha akamfuata yule dalali barabarani na kumwambia aende zake. Mpaka leo naona huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko wangu.

Halafu tukachukua sampuli. Wakati huo nilikuwa na vijiti vyenye pamba na vichupa vya kimiminika cha waridi kinachohifadhi virusi, nilivyopewa na mradi mmoja uliotaka kujua mafua gani yanazunguka kwa nguruwe wa nyanda za juu. Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja anapitisha kitanzi cha kamba kwenye taya la juu, nyuma ya meno ya chonge, anavuta. Nguruwe anarudi nyuma kwa nguvu zake zote na hapo ndipo anapotulia mahali pamoja, akilia kilio kinachotoboa masikio. Mwingine anaingiza kijiti puani, taratibu, kwa chini, anakizungusha, anatoa, anahamia tundu la pili. Kisha unakivunjia ndani ya kichupa na kufunga. Kijana wa jirani alishika kamba, mimi nikashika vijiti, Mama Neema akashika daftari na kuandika namba. Tulipofika wa sita, nikapiga chafya. Nikageuza uso, nikajifuta kwa mkono wa koti.

Mama Neema aliacha kuandika.

"Daktari," akasema polepole, "Jumamosi ulipokuja kuwachoma sindano ya minyoo, ulikuwa hivihivi. Ulikohoa mle ndani mpaka nikakuletea chai ya tangawizi."

Ilikuwa kweli. Jumamosi ile nilikuwa na homa, mwili unauma, nikajilazimisha kuja kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nilimkumbatia kila nguruwe mmoja mmoja, shingo kwa shingo, nikiwa na mafua ya kitandani. Jumanne jioni wakaanza kukohoa. Mafua ya nguruwe huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza. Nilihesabu vidole palepale, na hesabu ilikubali.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichofundishwa chuoni ni kwamba nguruwe ndio hatari kwetu. Mshale ulichorwa ubaoni upande mmoja tu, kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu.

Usiku ule nilianza kusoma, na sijaacha. Norway ilikuwa nchi ambayo nguruwe wake hawakuwa na influenza kabisa. Walikuwa wakiwapima kila mwaka na kila mwaka majibu yalikuwa safi. Oktoba 2009 nguruwe wa shamba moja wakakutwa na kile kirusi kipya cha H1N1, na watu wa shamba hilo ndio waliokuwa wametangulia kuugua. Ndani ya miezi michache kirusi kilikuwa kwenye mashamba mengi ya nchi, kikiwa kimeingizwa na wahudumu wenyewe kwa pua zao. Mwaka 2010, kaskazini mwa Kamerun, watafiti waliwapima nguruwe wa vijijini, wale wanaozurura wakijitafutia, wakawakuta na kirusi hichohicho cha binadamu. Hao ni nguruwe kama wetu, mbali na uwanja wowote wa ndege. Mtu alipiga chafya mahali.

Na kikishaingia kwa nguruwe, hapo ndipo hadithi inapokuwa nzito. Kwenye njia ya hewa ya nguruwe kuna aina mbili za milango ya seli: ile inayofunguliwa na mafua ya ndege na ile inayofunguliwa na mafua ya watu. Kirusi cha influenza kimebeba jeni zake katika vipande vinane vilivyotengana. Virusi viwili vya asili tofauti vikiingia kwenye seli moja, vinapotoka vinaweza kuwa vimebadilishana vipande, kama maharage ya wanawake wawili yaliyomwagwa kwenye ungo mmoja. Ukigawa upya, hakuna anayeondoka na ya kwake peke yake. Kirusi cha 2009 kilitoka kwenye ungo wa namna hiyo. Kilikuwa na vipande vya ukoo wa nguruwe wa Amerika Kaskazini na vipande vya ukoo wa nguruwe wa Ulaya na Asia. Miaka saba baadaye wanasayansi walifuatilia nyayo zake hadi kwa nguruwe wa Mexico ya kati. Babu zake walikuwa wamezunguka kwa miaka mingi bila mtu kuwaona, kwa sababu karibu hakuna aliyekuwa akiwapima nguruwe wa kule. Nikiulizwa kwa nini tunawasumbua nguruwe wazima na vijiti puani, ninajibu kwa habari hiyo ya Mexico.

Sasa zile sampuli kumi na moja. Nilizipanga kwenye kisanduku cha baridi na pakiti tatu za barafu, nikazipeleka stendi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam pamoja na namba ya mtu atakayezipokea. Pakiti tatu. Nilijua safari ni ndefu, ila friji ya zahanati niliyokuwa naiomba ilikuwa na pakiti tatu tu, na nikajiambia zitatosha. Kondakta aliweka kisanduku kwenye buti, karibu na injini. Kwenye mlima wa Kitonga kukawa na lori limelala kati ya barabara. Basi likasimama saa nyingi juani. Sampuli zilifika Dar siku ya pili, barafu imekuwa maji ya uvuguvugu.

Majibu nilikuja kuyapata kwa kupiga simu mwenyewe, wiki ya tatu. "Hasi, zote."

Nilikaribia kuandika hivyo kwenye daftari. Hasi. Banda safi. Kisha nikauliza, joto la kisanduku lilikuwaje kilipofika? Yule kijana wa simu akakagua fomu, akasema waliandika "si baridi". Kipimo cha maabara kiitwacho PCR kinatafuta RNA ya kirusi, yaani jeni zake, na RNA ni kitu legelege, joto linaivunjavunja. Sampuli iliyooza inatoa jibu lilelile inalotoa sampuli ya nguruwe mzima. Kwenye jedwali la mwisho wa mwaka wale kumi na mmoja wangehesabiwa kuwa hawana mafua, na mtu angesoma akaridhika. Niliomba zifutwe zisihesabiwe kabisa. Sijui kama walizifuta.

Kwa hiyo sijapata kujua, na sitajua, kama ni mimi niliyewaambukiza nguruwe wa Mama Neema. Wote walipona kufikia Jumatatu iliyofuata, mmoja wa kunenepesha alikonda sana, jike moja likatupa mimba. Mimba ile niliilipia kidogokidogo kwa pumba na dawa kwa miezi kadhaa. Hakuniomba. Niliona aibu kupita mbele ya nyumba yake mikono mitupu.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kozi ya wiki sita kaskazini mwa Ujerumani, Novemba hadi Desemba 2018. Huko ndiko nilikoona nguruwe mwitu kwa mara ya kwanza. Nasema nguruwe mwitu nikimaanisha yule wa Ulaya hasa, babu wa nguruwe wa kufugwa, jamii moja naye kabisa kiasi kwamba wanazaana. Ngiri wetu na yule nguruwe pori anayefukua mihogo usiku ni ndugu wa mbali, jamii nyingine. Yule wa Ulaya ana manyoya mazito ya kijivu, kichwa kirefu kama kabari, na kule wapo wengi mno: msimu wa uwindaji wa 2019/20 Wajerumani waliwapiga zaidi ya 800,000.

Walitupeleka kwenye msako mmoja msituni. Jioni, giza likiingia saa kumi, wanyama waliopigwa walilazwa kwa safu juu ya matawi ya misonobari, wote kwa ubavu wa kulia, kila mmoja kawekewa kijitawi mdomoni kama tonge la mwisho. Mienge ikawashwa, wawindaji wakavua kofia, baragumu zikapigwa. Sikutarajia heshima ile. Nilisimama na kichupa mkononi nikaona haya kusogea kuchukua damu mpaka muziki uishe.

Jambo lililonifungua macho lilikuja baadaye, kwenye kibanda cha kuchunia. Kila mwindaji alikuwa anakata kipande cha nyama kwenye kiwambo cha kifua na kingine kwenye mguu wa mbele, anaandika namba, anapeleka kupimwa minyoo ya trikinela. Sheria inalazimisha, na hakuna anayenung'unika, maana ni nyama atakayoila na watoto wake. Wakiwa wameshainama pale, kuchota damu kifuani kwenye kichupa cha pili ni kazi ya nusu dakika. Damu hiyo inapimwa homa za nguruwe. Mwaka ule walikuwa na hofu kubwa, maana ile homa yetu ya Afrika ilikuwa imeshafika Poland, na Septemba ikaruka hadi Ubelgiji. Na kwa damu hiyohiyo watafiti wanaweza kutafuta kingamwili za mafua, alama zinazobaki mwilini baada ya kupambana na kirusi. Ufuatiliaji umebebwa mgongoni na kitu ambacho mwindaji anakitaka mwenyewe.

Niliuliza kuhusu influenza kwa nguruwe mwitu hao. Kingamwili zimepatikana katika nchi kadhaa za Ulaya, mara nyingi kwa kiwango cha chini kuliko kwa wale wa kufugwa, na kirusi chenyewe kukinasa msituni ni nadra. Sababu yake inaeleweka ukitazama wanavyoishi: jike na wanawe, kikundi kidogo, hapa leo kule kesho. Kirusi cha mafua hakina subira. Nguruwe anakitoa puani kwa siku tano hadi saba tu, kisha mwili umeshakishinda. Kinahitaji pua mpya kila wakati. Kwenye banda la nguruwe elfu mbili ambapo kila wiki wanazaliwa watoto wapya, pua hazikosekani, kwa hiyo mafua hayakomi mwaka mzima. Msituni yanaishiwa njia. Na kwa Mama Neema pia yanaishiwa njia, isipokuwa dalali ayasaidie.

Nilirudi na mambo mawili. La kwanza ni kamba.

Kule nilionyeshwa kwamba huna haja ya kumnyonga nguruwe taya ili upate kirusi chake. Unatundika kamba nene ya pamba usawa wa mabega yao, unasimama pembeni, unasubiri kama nusu saa. Nguruwe ni mdadisi kuliko mtoto. Anakuja kunusa, anaing'ata, mwenzake anamwonea wivu, punde wote wanatafuna na mate yamejaa. Unaikata ile ncha iliyolowa, unaitia kwenye mfuko wa plastiki, unaikamua, yanatoka mate ya banda zima. Sampuli moja, bila kilio.

Tukuyu sikupata kamba ya pamba. Madukani kuna ya nailoni na ya katani. Nailoni hainyonyi kitu, katani inawachoma midomo na kuacha nyuzi. Mama Neema ndiye aliyetatua. Alinunua mita mbili za kitambaa cha merikani, kile cheupe kisichotiwa rangi, akakichana vipande virefu, akaketi kizingitini na kuvisuka vitatu vitatu kama anamsuka mtoto nywele, akavikaza mpaka vikawa nene kama kifundo cha mkono. Tulivitundika. Jike kubwa lilikuja la kwanza. Dakika ishirini baadaye kitambaa kilikuwa kinadondosha.

La pili ni namna ya kuomba. Zamani nilikuwa nikifika na vijiti vyangu na kusema natafuta mafua. Nani anataka kutafutiwa mafua? Majibu yakitoka ya kuogofya ataogopa kupoteza mifugo, yakitoka mazuri hakuna atakayemwambia. Tena hilo la majibu ni dhambi kubwa. Nimeshiriki kukusanya sampuli katika vijiji vingi, na wafugaji waliopata kusikia nini kilipatikana nawahesabu kwa vidole. Wanatoa nguruwe wao, muda wao, maji ya kunawa, mara nyingine na chakula cha mchana, kisha kimya. Ukirudi mwaka wa pili banda limefungwa na mwenyewe "amesafiri". Hawakosei.

Siku hizi ninakwenda kwa jambo lao. Ninapima uzito kwa utepe ili dalali asiwapunje, ninatoa dawa ya minyoo, ninawaeleza tofauti ya homa na mafua kwa kuwashikisha sikio la nguruwe mzima ili walijue likibadilika. Kamba inatundikwa huku tukiendelea na mengine. Na namba yangu ya simu imeandikwa kwa mkaa kwenye mbao za mabanda mengi, nikisisitiza wapige siku ya kwanza ya kikohozi, kwa sababu siku ya nane hata kamba nzuri haitanasa kitu. Majibu yakija, hata yakiwa hasi, nayapeleka kwa miguu. Barafu sasa ni pakiti nane, na kisanduku kinakaa miguuni pa abiria ninayemfahamu, kamwe si kwenye buti.

Ninawasihi pia kuhusu bata na kuku. Nyumba nyingi huku bata wanalala chini ya sakafu ya banda la nguruwe, wanakunywa dimbwi moja. Ulaya mwaka 1979 mafua ya ndege yalivuka yakaingia kwa nguruwe na yakakaa moja kwa moja. Oktoba 2024, Marekani, jimbo la Oregon, kirusi cha mafua ya ndege cha H5N1 kilipatikana kwa nguruwe kwa mara ya kwanza nchini humo. Shamba lenyewe lilikuwa la nyuma ya nyumba, kuku na nguruwe wachache, maji ya kunywa yaleyale. Nilipoisoma habari ile niliona kabisa uwanja wa Mama Neema, ndoo yake ya bluu, na bata wake wawili waliokuwa wakipenda kuingia humo.

Nilimpelekea habari hiyo. Alisikiliza, akanyanyuka, akaihamishia ndoo ya bata upande wa pili wa nyumba, akarudi kuketi. Hakusema neno.

Mwezi uliopita nilikwenda tena, asubuhi ya baridi kama ile ya 2016, begani nimebeba kamba mpya. Amezeeka sasa, magoti yanamsumbua, Neema ni mwalimu wa shule ya msingi. Nguruwe walikuwa wananguruma kwa njaa, sauti nzuri. Nilifika kwenye kilango cha fito nikakikuta kimefungwa kwa kamba kwa ndani, na yeye amesimama upande wa pili, mkono juu ya fundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Una mafua?"

"Sina, mama."

"Kohoa nisikie."

Nikakohoa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mimi ninavyosikiliza kifua cha nguruwe. Kisha akaniletea buti za mpira anazowawekea wageni, na ndoo ya maji ya sabuni, akafungua kilango.